Sweta Bila Suruali: Mbwa wa Dada Batilda

Vijana wangu wa mifugo, siku ile mliyoniaga pale ofisini mliniomba niseme maneno machache ya hekima. Nilisema asanteni, nikakaa, kwa sababu pilau lilikuwa linapoa na hekima haina haraka. Sasa niko nyumbani, sina ng'ombe wa mtu wa kumpima joto, basi nayaandika. Ya vyeo na mishahara nayaacha. Vyeo vilikuja vikiwa vimechoka, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitawaeleza nilivyoanza kazi, aliyenifundisha, na habari za mbwa mmoja ambazo mmezisikia vipande vipande tu, hasa nyinyi mnaopenda kuniuliza kama ni kweli niliwahi kuwa kinyozi wa mbwa. Ndiyo. Niliwahi.

Nilifika Mbinga nikiwa binti mbichi kutoka chuo cha mifugo, nimevaa viatu vya visigino. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Kapinga, mtu mfupi, mwenye sauti ya chini na masharubu kama brashi ya viatu. Alitazama visigino vyangu, akaingia ndani, akatoka na mabuti yake ya zamani ya mpira.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, binti. Unaweza kushika nguruwe?"

"Chuoni tulifundishwa."

"Sijauliza habari za chuo. Nimeuliza kama unaweza."

Siku hiyohiyo tulikwenda kijiji cha Ruanda kuchoma sindano jike la nguruwe. Nilimshika vizuri kabisa, mguu wa nyuma, kama kitabu kinavyosema. Yeye hakuwa amekisoma kitabu hicho. Alinikokota katikati ya shamba la maharage hadi kwenye mfereji, na mimi sikuachia, maana niliona aibu kuachia. Mwenye shamba alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Kapinga alikuja polepole, akamchoma nguruwe sindano palepale mferejini, akaniambia, "Mikono unayo. Sasa tutatafuta akili."

Akili yenyewe alinifundisha bila kuinua sauti. Kabla ya kumgusa mnyama alitaka nikae nimtazame anavyosimama, anavyopumua, anavyouweka mkia. Mabomba yetu ya sindano yalikuwa ya kioo, tunayachemsha kwenye sufuria ya bati juu ya mafiga ya mwenye mifugo, na mara nyingi sufuria hiyohiyo ilirudi kupika viazi. Kipimajoto chetu kilifungwa uzi mrefu wenye kibanio cha nguo mwishoni. Nilipouliza sababu, mzee alisema kile cha kwanza hakikuwa na uzi, na mpaka leo kuna ng'ombe mmoja Litumbandyosi anayetembea akijua joto lake mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipofika kwetu. Mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mgongoni. Ghafla maduka yalijaa sabuni za rangi zote. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipanda hadi Litembo na magari yao, wakigombea magunia ambayo zamani yalikuwa na mnunuzi mmoja tu. Watu waliezeka bati jipya, harusi zikawa na spika kubwa. Kwa upande wetu wa mifugo, majosho yalikauka, dawa za bure zikaisha, na tukaambiwa kuanzia sasa kazi yetu ni kushauri. Tukawa na ushauri mwingi kuliko dawa.

Katika wanunuzi hao wa kahawa alikuwepo mwanamke mmoja tu, Dada Batilda. Alizaliwa Litembo, akaondoka akiwa msichana kwenda Ulaya kumtunza mama mmoja mzee, mjane, aliyekuwa akifuga mbwa wa mashindano ya urembo. Msicheke, mashindano hayo yapo. Yule mama alipofariki, Batilda alirudi nyumbani na vitu vitatu: pikapu iliyotumika, moyo wa biashara, na mbwa mmoja mkubwa wa rangi ya kahawia, mwenye manyoya ya kujikunja kama sufu. Wenzetu wa Ulaya wanamwita pudo. Batilda alimwita Kahawa.

Siku Kahawa alipopita sokoni Mbinga, mama mmoja alikiacha chungu chake cha togwa kikamwagika. Mbwa yule alikuwa amenyolewa kwa namna ambayo hatujawahi kuiona. Kifuani na mabegani manyoya yameachwa mazito kama ya simba dume. Kuanzia mbavuni kwenda nyuma, kipara kitupu. Halafu kwenye kila kifundo cha mguu kumeachwa bonge la manyoya, na nchani mwa mkia bonge jingine. Kichwani manyoya yamefungwa utepe mwekundu.

Mzee Kapinga alimtazama kwa muda mrefu, kama alivyonifundisha kutazama. Kisha akasema, "Huyu kavaa sweta, kavaa na soksi. Suruali kaisahau."

Tangu siku hiyo mji mzima ukamwita Sweta Bila Suruali.

Hatukujua kwamba mbwa huyo angeletwa ofisini kwetu. Mvua zilipoanza, Batilda alimbeba mikononi akaingia naye. Kahawa alikuwa na homa ya kupe, hasimami. Kwa wiki nyingi za msimu wa kahawa Batilda hakuwa na nafasi ya kumchana, na manyoya yalikuwa yameota kila mahali na kushikana kama mkeka, yamejaa mbegu za kishona nguo, na ndani ya mkeka huo kupe walikuwa wamejenga mji.

Tulimchoma sindano. Kisha Mzee Kapinga akachukua mkasi wa kukatia sufu ya kondoo. "Tumnyoe wote," akasema. "Tumalize."

"Hapana, baba," Batilda akasema, akaweka mkono juu ya mbwa. "Naomba. Msimnyoe wote."

"Mama, mbwa anakufa, wewe unawaza urembo?"

"Siwazi urembo. Litembo kuna baridi, baba, unakujua. Huyu hana mafuta mwilini kama mbwa wetu. Manyoya ndiyo blanketi lake. Mnyoeni, lakini muache panapotakiwa kuachwa."

"Na nani anajua panapotakiwa?"

"Mimi."

Mzee akampa mkasi. Hakuwa mtu wa kushindana na mwenye mnyama bila sababu. Mimi nilipewa chanuo la chuma na kazi ya kutoa kupe, na tukakaa chini ya dirisha mimi na Dada Batilda tangu asubuhi, mbwa katikati yetu. Ndipo nilipomuuliza lile swali ambalo mji mzima ulikuwa unajiuliza: kwa nini mtu amkate mbwa hivi?

Akanieleza huku anakata. Zamani sana, alisema, mbwa hawa hawakuwa wa zulia. Walikuwa mbwa wa kazi ya majini. Mwindaji akipiga bata ziwani, mbwa ndiye anayeogelea kumfuata na kumleta. Sasa manyoya yao hayaachi kuota. Yakilowa yote yanakuwa mazito kama gunia la kahawa mbichi, na mbwa anazama. Basi wawindaji wakanyoa nyuma, ili miguu inayosukuma maji iwe myepesi. Lakini maji ya kwao ni ya barafu, kwa hiyo wakaacha manyoya kifuani, kulinda moyo na mapafu, na wakaacha mabonge kwenye viungo vya miguu ili baridi isiingie kwenye maungio.

"Na huu utepe?" nikauliza.

"Kwanza manyoya ya kichwani yasimzibe macho. Pili, mwenyewe amwone kwa mbali akiwa majini. Kila mwindaji alikuwa na rangi yake."

Nikasema, "Kumbe!"

Akaniambia pia kuna mbwa wengine, wafupi, wenye ndevu ndefu, ambao wenyewe huwanyoa mgongo na kuwaachia ndevu na manyoya ya miguuni, kwa sababu kazi yao ilikuwa kuua panya mabandani. Panya aking'ata, anang'ata ndevu. Mzee Kapinga alikuwa mlangoni anajifanya kusafisha bomba la sindano. Nilimwona akishika masharubu yake.

"Baadaye," Batilda akaendelea, "wakaja matajiri wa mjini, wakaona umbo hilo, wakalipenda, wakaongeza madoido. Kazi ikasahaulika, ukabaki mkato. Hivyo ndivyo mama yangu yule mzee alivyonisimulia. Lakini nikwambie kweli, mdogo wangu? Mimi sijawahi kuona mbwa hata mmoja wa aina hii akiingia majini. Wote wamezaliwa kwenye zulia. Kahawa mwenyewe anaruka kidimbwi cha mvua. Wakati mwingine nafikiri yule mama alinidanganya ili nisione kazi yangu ni ya kipuuzi."

Alisema kwa kucheka, lakini mkasi ulisimama kidogo.

Kahawa alipona. Nami nikajua kunyoa sweta.

Mwezi wa sita ukaja, na pamoja nao habari mbaya kutoka ziwani: kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia kwenye vijiji vya pwani ya Nyasa. Mama mmoja alikuwa ameng'atwa akiwa anaanika usipa, wale dagaa wa ziwani. Alikimbizwa hospitali mapema na akapona, Mungu mkubwa. Tukapata chanjo za mbwa, kidogo, za kupima kama chumvi, tukazihifadhi kwenye friji la mafuta ya taa hadi siku ya safari. Shida haikuwa chanjo tu. Shida ilikuwa watu. Miaka ya nyuma walishazoea kwamba gari la mifugo likija kwa habari ya mbwa, limekuja na bunduki. Kwa hiyo tukitangaza, mbwa wanafichwa. Tulishajaribu kijiji kimoja cha huko ziwani: tulikaa kutwa nzima na meza yetu, akaja mbuzi mmoja, naye alipotea njia.

Land Rover ya ofisi ilikuwa juu ya mawe, mahali ilipopenda zaidi. Batilda akasikia, akaja. "Nateremka Mbamba Bay kununua samaki wakavu wa wafanyakazi wangu," akasema. "Pandeni." Kahawa akakaa mbele katikati ya Batilda na Mzee Kapinga, nami nikakaa nyuma nikiwa nimekumbatia sanduku la baridi la chanjo kama mtoto mchanga. Tulishuka zile kona za milima, kutoka kwenye migomba na kahawa hadi kwenye mihogo na mchanga, sweta langu nikalivua njiani.

Kijiji kilichokuwa na ugonjwa hakikuwa na barabara. Tulipanda boti la injini, na Batilda akaamua kuja nasi, kwa kuwa samaki wa huko, alisema, ni wazuri zaidi. Mimi nilijua ni udadisi. Mbwa naye akaingia kwa kusukumwa.

Sisi Wamatengo ni watu wa milimani. Maji tunayaheshimu yakiwa kwenye ndoo. Siku hiyo mwera ulikuwa unavuma, ule upepo wa kusini wa majira ya baridi, na ziwa lilikuwa limeinuka. Mzee Kapinga alifumba macho akasali rozari tangu mwanzo hadi mwisho wa safari, bila aibu. Tulipokaribia ufuko wa kijiji tukaona watu wengi wamesimama mchangani. Niliwaza moyoni: leo wametupokea! Baadaye nikajua kwamba walikuwa wamemwona Kahawa kwenye ncha ya boti, na walikuwa wanabishana kama ni mnyama au ni mapambo.

Wimbi la mwisho ndilo lililotupiga ubavu. Boti likalala upande, nasi wote tukamwagika. Maji yalikuwa ya kifua tu, lakini kwa mtu asiyejua kuogelea kifua na bahari ni kitu kimoja. Wavuvi waliruka majini, wakatukamata mmoja mmoja kwa kola na kwa mikono, wakatuvuta hadi mchangani. Nilipofuta macho nikatazama mikono yangu. Ilikuwa mitupu.

"Sanduku!" nikapiga kelele. "Chanjo!"

Lilikuwa linaelea, jeupe, limefungwa kamba ya katani, na mkondo ulikuwa unalipeleka kuelekea mahali mto unapoingilia ziwani.

"Jamani, nani ataogelea?" Mzee Kapinga akauliza.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee mmoja mrefu aitwaye Wilbert, akatikisa kichwa. "Pole sana, ndugu yangu. Pale mtoni kuna mamba. Simtumi mtoto wa mtu pale. Na mtumbwi kwa mawimbi haya haupiti."

Nakumbuka nilikaa mchangani. Chanjo nyingine isingepatikana hadi nani anajua lini, na mbwa wenye kichaa wasingesubiri.

Ndipo niliposikia Batilda akipiga ukelele, "Kahawa! Kahawa, rudi! Rudi hapa!"

Mbwa aliyeruka vidimbwi alikuwa amesimama kwenye ukingo wa maji, masikio mbele, analitazama lile sanduku. Alilia kidogo kwa pua. Kisha akaingia. Hakuyaonja maji kwanza, hakugeuka. Wimbi likampita juu ya kichwa, akatokea upande wa pili, na miguu yake ya nyuma, ile mitupu iliyochekwa soko zima, ikawa inasukuma maji kama kasia. Batilda alikimbia hadi maji ya magotini, mvuvi mmoja akamshika kanga.

"Ataliwa!" akalia. "Kahawa! Jamani, mbwa wangu ataliwa!"

Tukampoteza. Mawimbi yalikuwa makubwa na rangi yake ilifanana na maji machafu ya mtoni. Kisha mwanamke mmoja akanyoosha mkono: "Utepe ule! Mwekundu! Ule pale!"

Ulikuwa unapanda na kushuka juu ya maji kama kijinga cha moto. Tuliufuata kwa macho, kila aliyeuona akimwonyesha mwenzake. Ukafika kwenye sanduku. Ukazunguka. Halafu ukaanza kurudi, polepole sana, na nyuma yake kitu cheupe kinakokotwa. Wavuvi waliokota mawe wakawa wanayarusha upande wa mtoni na kupiga makasia juu ya maji, ili kama mamba yupo apate la kufikiri. Hakutokea. Sijui kama alikuwepo siku hiyo. Mimi nilimwona kila mahali.

Kahawa alifika ufukweni na kamba ya katani mdomoni. Hakuiachia kwangu, wala kwa mwenyekiti. Alipita katikati ya kijiji kizima hadi miguuni pa Batilda, akaiweka pale, akakaa.

Vigelegele vilivyopigwa na wanawake wa kijiji kile, sijavisikia tena hata kwenye harusi. Nilifungua sanduku: barafu ipo, chupa zipo, mabomba ya sindano yapo, hakuna tone la maji lililoingia. Mzee Kapinga alivua kofia.

Akatoka bibi mmoja kizee, Bibi Agnes, akaja hadi kwa mwenyekiti akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mimi mbwa wangu nimemficha chini ya kitanda. Nilifikiri mmekuja kuua. Lakini watu wanaoua mbwa hawatembei na mbwa wa namna hii. Namleta achomwe." Akaenda kumleta.

Baada yake wakaja wote. Walitoka vyumbani, jikoni, kwenye vihenge, ndani ya mitumbwi iliyopinduliwa. Mbwa waliofungwa kamba za nyavu, waliobebwa begani kama mbuzi, mmoja amevalishwa shati ili atulie. Mzee Kapinga alishika, mimi nilichoma, na safari hii sikukokotwa na mtu. Kijana mmoja mvuvi alisogea na mbwa wake mwekundu mwembamba, akamwambia Batilda, "Dada, na huyu wangu mkate kama wako."

Batilda akampapasa yule mbwa mgongoni. "Huyu ameshanyolewa na Mungu, kaka," akasema. "Angalia, nywele fupi, joto la ziwani halimsumbui. Kazi yake na mkato wake vimeshapatana."

Tulipomaliza, wenyeji walitukalisha kwenye mikeka wakatuletea ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma. Mwenyekiti Wilbert alichukua samaki wa kwanza, mkubwa kuliko wote, akamtoa miiba kwa vidole vyake mwenyewe, akamwekea Kahawa kwenye jani la mgomba kabla ya kumhudumia mgeni yeyote. Mzee Kapinga akasema hata yeye ameridhika na utaratibu huo.

Batilda hakula. Alikuwa anamkausha mbwa kwa kanga yake. Aliingiza mkono chini ya manyoya mazito ya kifuani, akautoa, akanishika mkono wangu akauweka palepale. Nje manyoya yalikuwa yamelowa tepetepe. Ndani, karibu na ngozi, palikuwa pakavu na pana joto kama mkate uliotoka kuokwa, na moyo unapiga kwa nguvu.

"Unasikia?" akaniambia, na machozi yanamtoka huku anacheka. "Yule mama hakunidanganya. Miaka yote ile nakata, nakata, nakata, na leo ndiyo mara ya kwanza naona kazi yake."

Kahawa akasimama, akajikung'uta kuanzia masikioni hadi bonge la mkia, akatulowesha sote na mbasa wetu, kisha akarudi kwenye jani lake la mgomba kuangalia kama kumebaki kitu.